Maji Yasiyotoka Kwenye Tangi

Hieronim Dudzik hakuwa amelewa. Tuanze na hilo, maana ndilo linalosemwa kwanza kila jina lake likitajwa mjini Olszyna, iwe dukani, kwenye foleni ya kuungama, au hata mazishini kwake, ambako watu wawili nyuma ya jeneza walinong'onezana kwa sauti iliyofika mbele. Wanasema ilikuwa sikukuu ya jina lake na alikuwa amekunywa tangu asubuhi. Kila jiko la Olszyna lina kalenda ukutani yenye majina ya watakatifu. Hieronim ni tarehe thelathini Septemba. Ndege ilishuka shambani tarehe kumi na tatu. Kwa hesabu ya majirani, basi, fundi huyu alisherehekea jina lake siku kumi na saba kabla ya wakati, peke yake, bila mgeni hata mmoja na bila keki.

Hakusahau kitambaa ndani ya injini, wala hakukimbilia msituni. Na ndege haikuanguka. Ilitua katikati ya viazi sukari, na kutua si kuanguka. Leokadia, mjane wake, aliyefundisha fizikia katika sekondari ya mji kwa miaka thelathini na nane, amechoka kueleza tofauti hiyo kwa watu aliowapa maksi za kupita kwa kuwahurumia.

Hieronim alikuwa mtoto wa mhunzi wa ng'ambo ya mto. Aliingia klabu ya ndege akiwa na miaka kumi na tisa, akafagia banda kwa mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa spana. Hakuwa msemaji. Alimchumbia Leokadia kwa kumtengenezea redio, na alipoirudisha alisema maneno manne: "Inafanya kazi. Nitarudi Jumapili." Familia ya Leokadia, akina Gajda, walikuwa watu wa vitabu, baba yake alikuwa mthibitishaji wa hati, na mama yake aliinua nyusi kila mara bwana harusi alipoweka mikono yake juu ya kitambaa cha meza. Mikono ilikuwa safi. Ilisuguliwa kwa mchanga na sabuni hadi ikawa myekundu. Lakini mama aliinua nyusi hivyo hivyo.

Jambo lililomfanya Hieronim ajulikane klabuni ni chupa. Kila asubuhi, kabla ya ndege yoyote kuwashwa, aliingia chini ya bawa na chupa ya mdomo mpana, ileile ambayo akina mama wa Olszyna huwekea matango ya chumvi. Alifungua kizibo kidogo kilicho mahali pa chini kabisa pa tangi na kukinga petroli. Maji ni mazito kuliko petroli. Yakiwamo, hukaa chini ya chupa kama shanga, na asiyeyaona hataki kuyaona. Mafundi wengine hutazama, humwaga, huendelea na kazi. Yeye hakumwaga. Alifunga kifuniko, akakiziba kwa nta, akabandika karatasi kupita juu yake, akaandika tarehe na namba ya ndege, akatia saini, kisha akamwita rubani wa kwanza wa siku atazame na kusaini naye. Chupa ilikaa rafuni hadi kesho yake asubuhi, ndege zikiwa zimerudi zote salama. Hapo ndipo ilipomwagwa.

"Hieronim, tango la leo limekolea chumvi?" marubani walimtania.

"Saini," alijibu.

Wakasaini. Asiyesaini hakupewa ufunguo.

Hiyo Jumapili ya Septemba mwaka 1987 ilikuwa sherehe ya mavuno. Usiku kulinyesha, asubuhi kukawa na ukungu, na kufikia saa sita jua likatoka, joto nyuzi kumi na saba, majani bado yamelowa. Klabu ilikuwa ikiwarusha watu dakika kumi kumi kwa ndege ya viti vinne, ile yenye miguu mirefu kama panzi. Rubani alikuwa Seweryn Gajda, ndugu yake Leokadia, kitindamimba wa akina Gajda, kipenzi cha mama, miaka thelathini na mitatu, na mfukoni alikuwa na barua ya kwenda Warszawa mwezi Januari kusomea ndege kubwa za abiria. Safari ya nne alimchukua Klemens Ryba, mpiga kinanda wa kanisa, pamoja na wanawake wawili wa chama cha akina mama waliosuka shada la mavuno. Walipofika juu ya kanisa alipunguza mafuta, wazunguke taratibu, waone mji. Injini ikakohoa mara mbili. Rafadha ikasimama mbele ya kioo kama mkono wa saa.

Seweryn aliishusha ndege vizuri. Hilo Leokadia hajalikana hata siku moja. Alitafuta shamba, akauelekeza uso wa ndege kwenye upepo, akatua. Viazi sukari vikayashika magurudumu, ndege ikainama puani, na Klemens akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Krismasi ile alipiga kinanda kwa mkono mmoja, na waumini wakaimba wakimlaani Dudzik kimoyomoyo.

Kwa nini Dudzik? Kwa sababu watu watatu wa tume walifika alasiri, wakafungua kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, wakakuta maji. Matone. Wakatazamana. Maji kwenye kabureta maana yake maji kwenye petroli, na maji kwenye petroli maana yake fundi hakukagua. Rubani alipoulizwa alisema, "Huenda ilikuwa hivyo." Fundi alipoulizwa alisema ataleta jibu kesho.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, mama yao Gajda alikuja kwa bintiye na keki ya jibini iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa hajakanyaga nyumba ile kwa miaka miwili. Mlango wa jiko ulifungwa. Walikuwamo watu watatu: mama, Leokadia na Hieronim. Asubuhi Hieronim alitia saini karatasi ya tume kwamba uzembe ulikuwa wake, akachukua chupa ya Jumapili kutoka rafuni, akaifunga kwenye koti, akaja nayo nyumbani. Aliiweka ghala ya chini, nyuma ya matango. Leseni yake ilichukuliwa. Seweryn alikwenda Warszawa mwezi Januari.

Kwa miaka ishirini na mitatu iliyofuata Hieronim alitengeneza mabasi. Uwanja wa ndege alikatazwa kuingia, lakini hakuna aliyeweza kumkataza kusimama nje ya uzio, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa pale, viwiko juu ya ubao, akitazama. Na watu walewale waliomsema wakaanza kumwendea na maswali. Marubani walikuwa na majivuno, na mtu aliona haya kuwauliza jambo ambalo huenda ni la kijinga. Dudzik hakuwa na cheo, kwa hiyo hukuona haya mbele yake.

"Fundi, injini ikizimika kule juu, si mnadondoka kama jiwe?" aliuliza muuza mikate.

"Ukiacha kukanyaga baiskeli kwenye mteremko, unaanguka hapo hapo?"

"Hapana. Nateremka."

"Na ndege inateremka. Mabawa hayajui kama injini imelala, yanachojua ni upepo unaopita. Ile pale, ukiwa kilomita moja juu, inakusogeza kilomita saba mbele. Zile kubwa za abiria, kumi na tano na zaidi kwa kila moja. Ukiwa juu kabisa unasali rozari nzima na litania juu yake kabla ya kugusa chini."

"Na hiyo mistari myeupe nyuma yao, si sumu wanatumwagia?"

"Januari ukiwa kituo cha basi, mdomoni hutoki moshi?"

"Natoka."

"Ndiyo hiyo. Injini inatoa mvuke, kule juu ni baridi kuliko Januari mara mbili, mvuke unaganda. Kama hiyo ni sumu, basi na wewe tukufungie."

Mwanamke aliyekuwa akisafiri kwenda kwa bintiye Ireland aliuliza kama jirani mlevi anaweza kufungua mlango angani. "Mwache ajaribu," alisema Hieronim. "Kule juu hewa ya ndani inausukuma mlango kwenye fremu yake kwa uzito wa tani kadhaa. Atachoka, atalala, utapata safari tulivu." Mwanamke akauliza na kile kitundu kwenye dirisha, nani kakitoboa. "Kiwanda. Vioo viko zaidi ya kimoja. Kitundu kinapitisha hewa ili mzigo wote ubebwe na kioo cha nje, cha kati kikae akiba. Usikizibe kwa peremende, kama alivyofanya shangazi yako."

Na mashimo ya hewa? Hakuna shimo, alisema. Hewa inapanda hapa na kushuka pale, kama mto penye mawe, na abiria anayeapa ameporomoka mita mia tatu ameshuka tatu. Na taa kuzimwa wakati wa kutua usiku? Ili macho yazoee giza mapema, ikibidi kutoka mbio uone pa kutokea. Na magurudumu, yana injini yake? Hayana, yanaviringika tu, ndege inavutwa na rafadha au inasukumwa na injini zake. Radi je? Radi inapita kwenye ngozi ya bati na kutokea upande wa pili, wewe uko ndani na kahawa yako.

Hata siku moja hakuna aliyemuuliza kuhusu viazi sukari. Walikuwa wanalijua jibu lao tayari.

Alikufa Machi mwaka 2011, akiwa ameshika spana, gereji ya mabasi, moyo. Leokadia alimvalisha suti, akamsugua mikono kwa mchanga na sabuni yeye mwenyewe.

Miaka minane baadaye mkuu mpya wa klabu, Ireneusz Pałka, mwanafunzi wake wa zamani, alimjia na kofia mkononi. Walitaka kugeuza banda la zamani kuwa makumbusho madogo, na kuweka mabango yanayojibu maswali ambayo watu huuliza kuhusu ndege. "Mwalimu, hakuna mtu mwingine. Tukiandika wenyewe tutaaibika."

Alikuwa amekwisha kuandika bango moja, na kweli lilikuwa aibu. Lilisema kwamba bawa lina mgongo, hivyo hewa ya juu ina njia ndefu na ni lazima ikimbie ili imkute mwenzake wa chini kwenye ukingo wa nyuma. Leokadia alikata mstari mwekundu katikati. "Nani ameipangia hewa miadi, Ireneusz? Miaka minne ulikaa dawati la pili, ulikuwa unatazama nini?" Akaandika upya, kwa maneno aliyokuwa akiyasikia uzioni: toa kiganja nje ya dirisha la gari linalokwenda, kiinue kidogo upande wa mbele, utaona mkono unapaa wenyewe. Bawa linaisukuma hewa chini, na hewa inalisukuma bawa juu. Mgongo wake unaisaidia hewa ya juu kushikamana na kufuata mteremko, na hapo juu msukumo wa hewa unapungua. Na kwa kuwa kinachobeba ni hewa inayosukumwa chini, ndege yenye bawa la mgongo inaweza kuruka hata ikiwa imepinduliwa, rubani akiinua pua kiasi cha kutosha.

Aliandika mabango kumi na moja. Chini ya kila moja aliomba iandikwe kwa herufi ndogo: majibu haya yalitolewa na fundi H. Dudzik. Ireneusz alikubali. Wiki nzima Leokadia alilala vizuri.

Siku ya ufunguzi, Jumamosi ya Septemba, alifika mapema akiwa amebandika kifuani bruchi ya mama yake. Aliyapitia mabango yake moja baada ya jingine. Mwisho wa ukuta, karibu na picha ya ndege yenye miguu ya panzi, palikuwa na la kumi na mbili, ambalo hakuliandika yeye. Lilisema: *Mwaka 1987 injini ilizimika angani kwa sababu ya maji kwenye petroli, kutokana na uzembe wa fundi wa klabu. Ustadi wa rubani Seweryn Gajda uliokoa maisha ya watu wanne.*

Alilisoma mara mbili, kama anavyosoma kazi ya mwanafunzi anayemshuku. Kisha akatafuta kofia ya Ireneusz kwenye kundi.

"Hili nani kaliandika?"

"Mwalimu, nimenakili faili la tume. Neno kwa neno. Jina la Bwana Dudzik nimelitoa kwa heshima."

"Umelitoa hapa, umelibandika mara kumi na moja pale! Klabu ilikuwa na mafundi wangapi?"

"Mmoja," alisema Ireneusz, na masikio yake yakawa mekundu kama zamani ubaoni.

"Basi litolewe."

"Waandishi wa gazeti wameshalipiga picha. Na Kapteni ndiye anayekata utepe, Mwalimu, ndugu yako mwenyewe. Nikilitoa, nitawaambia nini watu? Nahitaji sababu. Nahitaji kitu cha kushika."

"Nipe nusu saa."

Nyumba yake iko mtaa wa pili kutoka uwanjani. Alishuka ghala ya chini, akasogeza matango ya mwaka huu, ya mwaka jana, na chupa za bitiruti. Kila Septemba kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amepanga chupa mpya mbele ya ile moja. Aliitoa. Nta ilikuwa nzima, karatasi imekuwa ya kahawia. Alipiga hesabu akiwa amesimama kwenye ngazi: akiinyanyua chupa hii mbele ya watu, jina la Dudzik litasafishwa, na jina la Gajda, alilozaliwa nalo, litachafuka, akiirudisha, kinyume chake. Yote mawili ni yake. Alipandisha ngazi.

Alipofika, Seweryn alikuwa amekwisha kuja, nywele nyeupe, suti ya bluu, wajukuu wawili. Klemens mpiga kinanda, sasa mzee wa miaka themanini, alikuwa meza ya vinywaji na glasi ya pombe kali ya plamu, akisimulia kwa mara ya elfu.

"...injini ikafa, na mimi nikasema, Dudzik huyo, jana kalewa! Mkono huu mpaka leo unajua mvua inakuja."

"Bwana Klemens," alisema Leokadia, "mkono huo nipe."

"Eh?"

"Nipe, siung'ati."

Aliushika, akachukua glasi ya mzee, akamimina nusu yake mgongoni mwa kiganja. "Puliza."

"Mama wee, plamu ya mwaka arobaini na..."

"Puliza!"

Klemens akapuliza. Watu wakageuka.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Banda hili lina joto gani?"

"Joto. Nimevua koti."

"Na mkono una baridi. Pombe inapokauka inaiba joto la mkono wako. Petroli nayo inakauka ndani ya kabureta, inaiba joto, na hewa inapita pale kwenye koo jembamba ikizidi kupoa. Siku ya joto nyuzi kumi na saba, pale ndani panaweza kushuka chini ya sifuri. Na hewa ikiwa na unyevu, kama Jumapili ile baada ya mvua, unyevu unakuwa barafu, barafu inajaza koo, injini inakosa hewa. Rubani akipunguza mafuta azunguke taratibu, koo linazidi kubanwa. Injini inakohoa mara mbili, inakufa. Katikati ya jua. Hili ni swali la kumi na tatu, Ireneusz, ulisahau kuniomba jibu lake: injini inawezaje kuganda wakati wa mavuno?"

"Lakini tume ilikuta maji, dada," alisema Klemens, akikung'uta mkono. "Maji!"

"Tume ilikuta maji saa tisa. Ndege ilitua saa saba. Uweke barafu kwenye injini ya moto saa mbili, uje unionyeshe barafu! Maji yale yalitoka hewani. Hayakutoka kwenye tangi."

"Hayo unasema wewe," sauti moja ilitoka nyuma. "Mke atasema nini?"

Leokadia alikuwa akiingoja sauti hiyo kwa miaka thelathini na miwili. Akaitoa chupa kwenye mfuko wa sokoni, akaiweka mezani kati ya maandazi ya pierogi na glasi. Petroli ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Chini ya chupa hapakuwa na shanga hata moja.

"Tarehe kumi na tatu Septemba, namba ya ndege hii hapa. Nta haijaguswa. Saini ya kwanza, H. Dudzik. Ireneusz, soma ya pili, macho yako bado mazuri."

Ireneusz aliinama. Akasoma kimya. Akasimama wima.

"Soma kwa sauti. Hukuwa bubu darasani, ulikuwa mvivu."

"*Nimeona. Safi. S. Gajda.*"

Kijiko kikasikika kikiwekwa kwenye sahani. Klemens alikuwa akihesabu kwa vidole vya mkono wake mbaya, polepole, kama mtu anayetafuta noti.

"Kuna cha kuzuia barafu hiyo?" aliuliza.

"Upo mpini mdogo. Unaleta hewa ya moto kutoka kwenye bomba la moshi. Unauvuta kabla ya kupunguza mafuta. Ukiuvuta injini ikiwa imeshakufa, umechelewa, hakuna moto tena wa kuleta."

"Na huo mpini uko wapi? Kwa fundi chini, au..."

"Uko mbele ya kiti cha kushoto."

Wote walijua nani alikuwa kiti cha kushoto.

Seweryn alimpa mjukuu mmoja mkasi wa utepe amshikie. "Lodzia," alisema taratibu, kwa jina la utotoni, "inatosha."

"Haijatosha. Mimi nimeeleza fizikia. Fizikia haina jina la mtu."

"Mbele ya wajukuu wangu, Lodzia."

"Na wajukuu wake Hieronim wanapita mbele ya bango lile wakiwa wamefumba macho? Umekaa kiti cha kushoto maisha yako yote, Seweryn. Ukazunguka dunia nzima na kofia ile. Yeye alikuwa anaitazama dunia kupitia uzio."

Seweryn alikuwa mtu mzoefu wa kutangaza mambo kwa abiria kwa sauti isiyotikisika, na Leokadia alidhani atafanya hivyo, na alikuwa amejiandaa kumchukia kwa ajili hiyo. Lakini sauti ilitoka imekauka.

"Sikuuvuta," alisema. "Nilikuwa namwonyesha Klemens paa jipya la kanisa. Nilisahau, na nilipokumbuka ilikuwa imeshasimama. Nikakuta Hieronim ameshasaini. Nikanyamaza."

"Umenyamaza miaka thelathini na miwili," alisema Klemens, "na mimi ndiye nimekuwa nikisema kwa niaba yako, mjinga mimi." Akaishika chupa kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye mwanga, akaiweka chini. "Nilimwimbia mazishi yake. Nikaimba vibaya makusudi." Kisha, kwa kuwa alikuwa mzee na hakuwahi kujifunza kuacha jambo, akauliza: "Lakini, Mwalimu, fundi alikuwa na chupa. Alikuwa na saini ya rubani. Kwa nini alisaini uongo kwamba kosa ni lake?"

Msichana wa gazeti akafungua daftari. Ireneusz naye alikuwa ameshika kalamu. Seweryn aliinua macho, akamtazama dada yake, na ilionekana wazi kwamba hilo yeye hakuwahi kulijua. Keki ya jibini ya mama yao hakuna aliyewahi kumsimulia.

Leokadia alichukua kalamu mkononi mwa Ireneusz. Akaenda kwenye bango la kumi na mbili, akalikata mstari kutoka kona hadi kona, na chini yake, kwa mwandiko wa ubaoni, akaandika: *Injini iliganda. Petroli ilikuwa safi. Fundi H. Dudzik alikagua. Rubani S. Gajda hakuvuta hewa ya moto, kisha alitua vizuri.* Akalisoma. Akaongeza nukta iliyokuwa imesahaulika.

"Chupa ibaki hapa," alisema. "Ndani ya kioo. Asiifungue mtu."

"Mwalimu," alisema msichana wa gazeti, "wasomaji watataka kujua kwa nini alikubali. Alitishwa? Alilipwa? Nani alimwomba?"

"Hakutishwa wala kulipwa. Waandikie hivyo."

"Basi aliombwa. Na nani? Siku hiyo jioni nani alikuja kwenu?"

Leokadia alifunga mfuko wa sokoni, akanyoosha bruchi ya mama yake kifuani.

"Mmeuliza ndege inakaaje juu, nimejibu. Mmeuliza inazimikaje, nimejibu. Yaliyosemwa jikoni kwangu si ya ndege, na sitayasema, si leo wala siku nyingine. Pisha mlango."